Siku 198 za kungoja ufunguo: uchambuzi wa kisa kimoja cha mkopo wa nyumba

Siku ya 9 wakili wa wanunuzi alipokea matokeo ya upekuzi wa hati ya nyumba kwenye daftari la ardhi. Chini ya jina la muuzaji palikuwa na mstari mmoja unaosema kwamba nyumba imewekwa rehani. Akampigia simu wakili wa muuzaji, akajibiwa kuwa deni hilo lilikwisha zamani na barua ya benki ipo. Nakala ya barua ikaletwa jioni hiyo hiyo, ikatiwa kwenye faili, na kila mtu akaendelea na shughuli zake. Mstari ule ulikuja kufutwa siku ya 147. Ufunguo ulikabidhiwa siku ya 198, ilhali mkataba ulikuwa umetoa siku 90 tu.

Ninaandika kisa hiki kwa ruhusa ya mume na mke walionunua nyumba hiyo. Walinikabidhi kila walichokuwa nacho: barua, risiti, ujumbe wa simu, hata daftari ambalo mke alikuwa akiandika kila aliyempigia na alichoambiwa. Nilifanya kazi ya kuandaa mafaili ya mikopo ndani ya benki kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia upande wa kuwasaidia wanunuzi, na nilipoyapanga makaratasi yao kwa tarehe niliona jambo ambalo wao, waliokuwa ndani ya moto, hawakuweza kuliona. Siku ninazozitaja ninazihesabu tangu walipowasilisha ombi kamili la mkopo.

Wahusika na nyumba

Mume ni mwajiriwa mwenye mkataba wa kudumu. Mke ana biashara yake ya ushonaji, yenye hesabu zilizoandikwa vizuri lakini ambazo hazijawahi kukaguliwa na mhasibu. Walikuwa wapangaji. Muuzaji ni mzee aliyefiwa na mkewe, na alikuwa akiuza nyumba kubwa ili anunue ndogo karibu na binti yake. Kwa hiyo pesa za wanunuzi hawa zilikuwa zikingojwa na mtu wa tatu ambaye hawajawahi kumwona, yule anayemuuzia mzee. Mauzo ya nyumba mara nyingi hushikana mikono namna hii. Mmoja akisimama, wote husimama, na aliye mwisho wa mnyororo hata hajui anamngoja nani.

Ili hesabu ieleweke popote, tuchukulie kuwa bei ya nyumba ni sehemu 100. Benki iliahidi kukopesha asilimia 80, yaani sehemu 80. Wanunuzi walikuwa na sehemu 20 walizoziweka akiba kwa miaka mingi, na kando yake fedha za ada na bima.

Wiki sita kabla ya kuwasilisha ombi walikuwa wamepata barua ya idhini ya awali. Hapo ndipo kosa lao la kwanza lilipo, na walifanya kosa hilo kwa nia njema kabisa: walimpa mwenye nyumba waliyopanga taarifa ya kuhama. Idhini ya awali haifungi benki. Ni makisio yanayotokana na maelezo ambayo mwombaji ameyatoa mwenyewe, kabla benki haijathibitisha mshahara, kabla haijaitazama nyumba, kabla haijaigusa hati. Laiti barua hizo zingeandikwa kwa maneno yanayomweleza mtu hivyo waziwazi! Barua ya familia hii ilisema kwa herufi nene kwamba wamekubaliwa, kisha masharti yakafuata nyuma ya ukurasa kwa herufi ndogo.

Mwenendo wa mambo

Siku ya 12 mkataba wa mauziano ulisainiwa na asilimia 10 ya bei ikalipwa. Siku ya 19 benki iliagiza mthamini. Siku ya 27 mthamini alifika akakuta nyumba imefungwa. Mzee alikuwa kwa binti yake na hakuna aliyempa taarifa kwa wakati. Akarudi siku ya 34, na ripoti ikaingia benki siku ya 43.

Ripoti ilileta habari mbaya. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kilichoongezwa ambacho hakimo kwenye ramani iliyoidhinishwa, na mthamini hakukihesabu. Thamani aliyoiandika ilikuwa sehemu 93. Benki hukopesha kwa kufuata kiasi kilicho kidogo kati ya bei na thamani, kwa hiyo asilimia 80 ya 93 ni sehemu 74.4. Wanunuzi ambao walipaswa kutoa sehemu 20 sasa walitakiwa kutoa 25.6. Walijaribu kumwomba mzee apunguze bei, akakataa. Sioni kosa lake hapo, kwani naye alikuwa ameshafunga bei ya kule anakonunua.

Pengo la sehemu 5.6 lilizibwa na kaka wa mke. Alituma fedha siku iliyofuata, na familia ikadhani imevuka mto. Benki ilipoona kiasi kikubwa kimeingia kwenye akaunti ghafla, iliuliza kimetoka wapi. Hilo ni swali la lazima, na lina sababu mbili. Ya kwanza ni sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha. Ya pili ni kwamba fedha zikiwa za mkopo kutoka kwa ndugu, ni deni jingine, na deni hilo huhesabiwa dhidi ya kipato cha mwombaji. Kaka alikuwa akizitoa kama zawadi, lakini zawadi nayo inahitaji barua. Barua ya kwanza haikuwa na nakala ya kitambulisho chake. Ya pili haikusema kwamba hatadai sehemu ya umiliki wa nyumba. Ya tatu ilikubaliwa siku ya 71. Siku ya 58 benki ilikuwa imeomba "barua ya maelezo ya fedha", maneno hayo tu. Kama ingetuma aya moja ya mfano, siku 13 zingekuwa mbili au tatu.

Faili lilipanda kwenye kamati ya mikopo siku ya 74. Hapo likakutana na ukuta ambao nitaurudia baadaye, maana ndio kiini cha kisa chote: karatasi zilikuwa zimezeeka. Benki ile haikubali hati za mshahara zilizopita siku 60. Wakaombwa mpya. Hati mpya ya mume ilionyesha cheo kipya na mshahara mkubwa zaidi, kwani alikuwa amepandishwa cheo siku ya 62. Jambo la kusherehekea nyumbani lilikuwa tatizo benki, kwa sababu cheo hicho kilikuja na muda wa majaribio wa miezi mitatu. Hakuwa ameiambia benki. Aliniambia hakujua kuwa kupanda kwa mshahara ni jambo la kuripoti, na namwamini kabisa, kwa sababu katika miaka yangu ya benki sikumbuki mwombaji hata mmoja aliyelijua hilo bila kuelezwa. Mwajiri alichukua siku 11 kuandika barua ya uthibitisho. Benki mwishowe ikakubali kuhesabu mshahara wa zamani, kwa kuwa mwajiri ni yule yule.

Siku ya 96 mkopo ulipitishwa na barua ya ofa ikatoka. Ofa hiyo ilidumu siku 30. Siku ya 102 muda wa mkataba wa mauziano ulikwisha. Siku ya 104 wakili wa mzee alituma notisi ya siku 21: kamilisheni malipo au mkataba uvunjwe na asilimia 10 ipotee, na riba ya ucheleweshaji inahesabiwa tangu siku ya 103. Siku ya 105 familia ilitoka kwenye nyumba ya kupanga, kwa kuwa tayari mpangaji mwingine alikuwa amepatikana. Vyombo vikawekwa ghala, wao na watoto wawili wakahamia kwa dada wa mke. Daftari la mke kwa siku hiyo lina mstari mmoja: "Nimempigia afisa mikopo mara nne."

Kisha siku ya 109 wakili wa benki, ambaye kwa taratibu hupewa hati aisome baada ya ofa kutoka, akaandika kwamba benki haiwezi kusajili rehani yake kwa sababu kuna rehani nyingine juu ya nyumba hiyo.

Mstari wa siku ya 9

Mzee alikuwa amemaliza kulipa mkopo wake miaka mingi nyuma. Alikuwa na barua ya kumpongeza, aliyoitunza kwenye bahasha pamoja na risiti za marejesho tangu ya kwanza. Kwa akili yake, na kwa akili ya mtu yeyote wa kawaida, aliyelipa deni ameachiwa nyumba yake. Daftari la ardhi halifanyi kazi hivyo. Rehani iliyosajiliwa hubaki pale mpaka mkopeshaji asaini hati ya kuifuta na hati hiyo nayo isajiliwe. Barua ya pongezi haifuti kitu. Miaka ile hakuna aliyemwambia afanye hatua hiyo ya mwisho, na kwa kuwa hakuwa akiuza wala kukopa, hakuna kilichomkumbusha.

Benki iliyomkopesha ilishaunganishwa na nyingine. Faili lake lilikuwa kwenye hifadhi ya nyaraka za zamani. Ilibidi litafutwe, salio lithibitishwe kuwa ni sifuri, hati ya kufuta rehani iandaliwe, isainiwe na ofisa mwenye mamlaka, ndipo ipelekwe kwa msajili. Kazi yote hiyo ilichukua siku 38, kutoka siku ya 109 hadi ya 147.

Siku 38 kwa shughuli ya namna hiyo si nyingi sana, na si hizo zinazonikera. Kinachonikera ni kwamba kazi iliyoonekana siku ya 9 ilianza siku ya 109. Ingeanza siku ya 9, kwa mwendo ule ule wa kobe, ingekuwa imekwisha siku ya 47, wakati familia bado inashughulika na ripoti ya mthamini. Isingemgusa mtu.

Nilimuuliza wakili wa wanunuzi kwa nini hakuisukuma. Alinijibu kwa unyoofu, na ninamheshimu kwa hilo. Mkataba alioandika ulikuwa na kifungu kinachomtaka muuzaji akabidhi hati isiyo na mzigo wowote, yaani isiyo na rehani wala dai la mtu mwingine, kufikia tarehe ya kukamilisha, na kwake hilo lilitosha. Kisheria alikuwa amewalinda wateja wake. Ila kifungu cha aina hiyo hueleza nani atabeba lawama ikifika tarehe na kazi haijafanyika; hakimwambii mtu yeyote aanze kazi leo. Mzee alidhani wakili wake anashughulika, wakili wake akadhani barua imetosha kwa kuwa upande wa pili haukuuliza tena, wakili wa wanunuzi akangoja tarehe, na benki ilikuwa haijaifungua hati kabisa.

Jinsi karatasi zinavyozeeka

Faili la mkopo wa nyumba lina saa nyingi ndani yake, na kila moja inakimbia peke yake. Hati za mshahara zina muda wake, taarifa ya akaunti ina wake, ripoti ya historia ya mikopo vile vile, na upekuzi wa hati nao huchakaa kwa sababu kesho mtu anaweza kusajili kitu kipya. Ripoti ya mthamini katika benki hii ilidumu siku 90. Ofa ilidumu 30, na riba iliyoandikwa ndani ya ofa ilikufa pamoja nayo. Mpangilio mzima umejengwa kwa dhana kwamba hatua zote zitakwenda haraka vya kutosha saa ya kwanza isikwishe kabla ya hatua ya mwisho. Zisipokwenda hivyo, mwombaji hachelewi kwa siku alizocheleweshwa tu. Anarudishwa nyuma kuchukua upya alichokwisha kuchukua, na wakati anakichukua, kingine kinakwisha.

Ndicho kilichotokea hapa. Kutokana na rehani ya mzee, ofa ilikufa siku ya 126. Mke alikuwa ameomba iongezwe muda siku ya 121, lakini afisa mikopo alikuwa likizo na hakuacha mtu wa kupokea barua pepe zake. Jibu lilikuja siku ya 130. Siku ya 133 ripoti ya mthamini nayo ikapita siku 90. Sasa hapakuwa na ofa wala thamani ya kuitegemea kutoa ofa nyingine. Uthamini wa pili uliagizwa na kulipiwa upya, ukaleta kiasi kile kile cha sehemu 93. Ofa ya pili ilitoka siku ya 168.

Riba ilikuwa imepanda kutoka asilimia 12 hadi 13. Watu huisikia tofauti hiyo kama kitu kidogo. Kwa mkopo wa miaka 20, marejesho ya kila mwezi yanapanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 6. Riba yao ilifungwa kwa miaka mitano ya mwanzo, na katika miaka hiyo pekee watalipa zaidi kwa kiasi kinachofika asilimia 4 na kidogo ya mkopo wote. Hizo ni fedha nyingi kuliko ghala, uthamini wa pili na nauli zote kwa pamoja, na hakuna risiti yoyote itakayowahi kuandikwa "kuchelewa".

Jambo moja liliwaokoa. Benki ile hairuhusu marejesho yavuke theluthi moja ya kipato kinachotambuliwa, na kwa riba mpya, mshahara wa zamani wa mume ungewaangusha. Muda wake wa majaribio ulikuwa umekwisha siku ya 152. Cheo kilichowakwamisha kwenye ofa ya kwanza ndicho kilichowabeba kwenye ya pili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda bila kelele: bima ya maisha ya mkopaji na bima ya nyumba, saini, usajili wa rehani mpya siku ya 189, fedha kwa muuzaji siku ya 196.

Notisi ambayo haikuwa na meno

Nimeacha notisi ya siku 21 mpaka sasa kwa sababu ndiyo iliyowaumiza zaidi na ndiyo iliyokuwa na uzito mdogo zaidi. Kwa wiki mbili familia iliishi ikiamini kwamba asilimia 10 yao inapotea. Mume alikwenda kuulizia mkopo wa haraka wenye riba kubwa ili tu akamilishe malipo, na kama angeuchukua, ungeonekana kwenye historia yake ya mikopo na ofa yenyewe ingeweza kufutwa.

Kwa kawaida anayedai mwenzake akamilishe mauziano lazima naye awe tayari kukamilisha upande wake. Mzee hakuwa tayari. Hati yake ilikuwa na mzigo. Wakili wa wanunuzi alipolisema hilo kwa maandishi, siku ya 118, notisi iliondolewa na pande zote mbili zikakubaliana kwamba riba ya ucheleweshaji ihesabiwe kwa siku sita tu, kutoka ya 103 hadi ya 108. Ukweli huo ulikuwa ndani ya faili tangu siku ya 9. Ningetamani mtu angeusoma usiku ule wa siku ya 104, kabla mke hajaanza kuhesabu vito vyake.

Ningefanya nini tofauti

Wanunuzi hawa wenyewe wangeweza kuokoa muda mahali pachache. Wangengoja ofa yenye saini, na hati iliyo safi, kabla ya kutoa taarifa ya kuhama. Wangeeleza chanzo cha fedha za kaka kabla hazijaingia kwenye akaunti. Wangetaja cheo kipya siku kilipokuja. Ni vizuri kuyajua haya, ila nikiyajumlisha yote hayafiki hata robo ya ucheleweshaji, na sipendi jinsi mnunuzi anavyoambiwa kila mara kuwa tatizo ni maandalizi yake.

Sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wanaolipwa kulijua jambo hili. Mstari wa rehani ulipoonekana, wakili alipaswa kuandika kwenye mkataba wenyewe kwamba hati ya kuifuta iombwe ndani ya siku saba na uthibitisho wa ombi uletwe kwake, na kwamba siku 90 zianze kuhesabiwa rehani hiyo ikishaondolewa. Benki ilipaswa kumpa wakili wake hati siku ilipoagiza mthamini. Kazi hizo mbili hazitegemeani hata kidogo, na hoja ninayopewa kila ninapouliza, kwamba benki haitaki kulipia wakili kabla haijajua kama mkopo utapita, haina nguvu, maana ada hiyo huilipa mwombaji. Na mtu mmoja katika benki angepaswa kuwa na orodha ya tarehe za kufa kwa kila karatasi kwenye faili hili. Nilipopitia barua zote na daftari la mke, nilipata siku 41 tu kati ya 198 ambazo kuna dalili kwamba mtu alifanya jambo lolote kulihusu. Zilizobaki, faili lilikuwa mezani kwa mtu.

Mke ndiye aliyekuja kuwa mtunza tarehe. Tangu siku ya 130 alichora jedwali kwenye daftari lake: karatasi gani, imetolewa lini, inakwisha lini, iko kwa nani. Kila Jumatatu alimtumia nakala afisa mikopo, mawakili wote watatu na binti wa mzee. Ukilinganisha kasi kabla na baada ya jedwali lile, tofauti haihitaji mtaalamu kuiona. Kutoka ofa ya pili hadi ufunguo zilipita siku 30, bila karatasi hata moja kuzeeka.

Waliandika malalamiko rasmi benki. Gharama ya uthamini wa pili ilirudishwa, kwa kuwa ombi la kuongeza muda lilikuwa limefika kabla ofa haijafa. Tofauti ya riba haikurudishwa. Wakili wao alipunguza ada yake bila kuombwa.

Siku ya 198 mzee alikuja mwenyewe na ufunguo. Alikuwa na ile bahasha ya risiti, na juu yake sasa ameweka nakala ya hati ya kufuta rehani yenye muhuri wa msajili. "Mwanangu," alimwambia mume, "mimi nilijua nimemaliza." Mume akamjibu, "Najua, baba." Kisha wakasaidiana kuingiza vyombo vya kwanza kutoka ghala.